Nani Atamgeuza Mgonjwa Saa Nane za Usiku?



Mada niliyokuwa nimeiandaa ilihusu chakula cha watoto wanaoanza shule. Nimeiweka kando kwa sababu ya barua iliyonifikia kutoka kwa mama mwenzetu wa Mpemba, hapa Tunduma. Mwanawe, dereva wa bodaboda, alipata ajali katika barabara kuu na kuvunjika uti wa mgongo. Tangu hapo hana nguvu wala hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Huu ni mwezi wa tatu amelala nyumbani, na mama yake ndiye mwuguzi, mpishi na mlinzi wake. Sasa ameona alama nyeusi juu ya kifandugu cha mwanawe.

Kijana mmoja wa jirani amemwambia kwamba huko Marekani kuna kifaa kidogo kinachobandikwa mwilini mwa mgonjwa, na mashine yenye akili, ambavyo huzuia vidonda vya kulalia. Kijana huyo anasema anaweza kumwagizia. Bei aliyomtajia imemfanya mama huyu afikirie kuuza shamba lake la kahawa huko Mbozi. Anauliza, "Je, kifaa hicho kipo kweli, na niuze shamba?"

Kuhusu ile alama nyeusi, nilimjibu siku ileile kwamba ampeleke kijana kituo cha afya bila kungoja gazeti lichapwe. Lakini swali lake la pili linatuhusu wengi. Ni nyumba chache katika mkoa wetu ambazo hazijawahi kuwa na mgonjwa wa kitandani, awe mzee wa kiharusi, majeruhi wa ajali au mtu aliyedhoofishwa na maradhi ya muda mrefu. Kwa hiyo namjibu mbele yenu nyote: kifaa kipo kweli, lakini shamba usiuze. Ngoja nieleze kwa nini.

KIDONDA HUTOKA WAPI

Mtu mwenye afya akilala hujigeuza mara nyingi bila mwenyewe kujua. Nyama inayobanwa kati ya mfupa na godoro huanza kuuma, habari hufika kwenye ubongo, na mwili hugeuka hata katikati ya usingizi. Kwa mgonjwa aliyevunjika uti wa mgongo habari hiyo haifiki. Kwa mgonjwa wa kiharusi huenda ikafika, lakini viungo havitii.

Basi mgonjwa hubaki upande mmoja. Mishipa midogo ya damu hubanwa kama mpira wa maji uliokanyagwa na gari. Nyama hukosa damu, na nyama isiyopata damu hufa. Jambo linalotudanganya wengi ni kwamba mara nyingi kuoza huanza chini, karibu na mfupa, wakati ngozi ya juu bado ni nzima. Siku ngozi inapofunguka, shimo limekwisha kuchimbwa.

Mahali pa kuangalia ni pale mfupa unapokaribia ngozi: kifandugu, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega na kisogo. Mkojo, jasho na kuburutwa kitandani huharakisha mambo, kwa maana ngozi iliyolowana huchubuka upesi.

Msidhani ni tatizo la nyumba za wasiojua. Katika Hospitali ya KCMC huko Moshi, watafiti walipitia majalada ya wagonjwa 288 walioumia uti wa mgongo kati ya mwaka 2010 na 2014. Wengi wao walikuwa wameanguka kutoka mahali pa juu au wamepata ajali za barabarani. Karibu mmoja katika kila watano alipata vidonda hivi, navyo viliongoza miongoni mwa matatizo yaliyowapata baada ya kuumia. Hao walikuwa mikononi mwa hospitali ya rufaa yenye wataalamu. Sembuse mama mmoja peke yake chumbani, mwenye watoto wa kulisha na genge la kufungua asubuhi?

YALIYONIPATA MIMI

Siandiki haya kama mtu aliyesimama pembeni. Mama mkwe wangu alipopata kiharusi aliletwa kwetu Tunduma. Mume wangu ni dereva wa malori ya Kongo, na anaweza kukaa wiki tatu bila kurudi. Tulipotoka hospitali tuliambiwa, "Mgeuzeni mara kwa mara." Nikaitika vizuri kabisa. Nilimwosha kila asubuhi, nikambadilisha shuka, nikamlisha uji kwa kijiko. Kumgeuza pia nilimgeuza, kila nilipokumbuka.

Siku ya kumi na nane wifi yangu alifika kutoka Vwawa kumsalimu mama yake. Alifunua shuka, akanyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo sitayaandika hapa. Juu ya kifandugu palikuwa na kidonda kinachoingia kidole. Mimi nilikuwa nikimwosha kila siku upande wa mbele na ubavuni, lakini pale chini nilipapitisha kitambaa haraka kwa sababu ya aibu. Mkwe kumtazama mama mkwe wake sehemu hizo si jambo jepesi, ninyi mnajua.

Yule wifi aliona mkwe aliyemtelekeza mama. Majirani wengine walinong'ona habari za uchawi. Mimi mwenyewe nililia siku mbili. Aliyetuokoa ni mama mmoja wa mtaani kwetu, mwuguzi mstaafu. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Jana usiku, kati ya saa 4 na saa 11 alfajiri, mama alilalia upande gani, na nani alimgeuza?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelala, maana nilikuwa nimechoka. Usiku mzima, saa saba, mama alikuwa amelala chali juu ya kifandugu kilekile. Na haukuwa usiku mmoja, zilikuwa siku kumi na nane.

Naomba mkumbuke swali hilo la mwuguzi, kwa sababu kifaa anachouliza mama wa Mpemba kimetengenezwa ili kulijibu.

KIFAA CHENYEWE

Mnajua jinsi simu za kisasa zinavyofanya: ukiilaza simu ubavu, picha nayo inageuka. Ndani yake mna kitu kidogo sana kinachotambua simu imeelekea upande gani. Wataalamu wamechukua kitu cha namna hiyo, wakakiweka ndani ya kifaa chepesi, wakakibandika kifuani kwa mgonjwa. Sisi tukiite kihisi, kwa kuwa kazi yake ni kuhisi mwili umelalaje. Kihisi hutuma habari bila waya hadi kwenye kompyuta ya wauguzi. Pale huonekana kila mgonjwa, upande aliolalia na muda aliokaa hivyo. Muda ukitimia bila kugeuzwa, kompyuta huonyesha kwamba fulani amechelewa. Mgonjwa akijigeuza mwenyewe vya kutosha, saa yake huanza upya ili asisumbuliwe bure.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika Hospitali ya Stanford, huko California, Marekani, kwenye vyumba viwili vya wagonjwa mahututi. Wagonjwa zaidi ya 1,300 walibandikwa vihisi. Kwa nusu yao wauguzi waliona habari za kihisi kwenye kompyuta. Kwa nusu nyingine kihisi kilikuwepo kifuani vilevile, lakini habari zake zilifichwa, na wauguzi wakaendelea kwa mazoea yao. Katika kundi ambalo habari zilifichwa, wagonjwa 15 walipata vidonda. Katika kundi lililoonekana, walipata 5.

Tazameni vizuri jambo hili. Kifaa kilikuwa kifuani kwa wote. Hakikumponya mtu kwa kubandikwa. Kilichotofautisha makundi mawili ni kwamba upande mmoja mtu aliona muda umefika, akainuka, akaenda kumgeuza mgonjwa.

Na kuna jambo jingine lililonifariji. Katika kundi la mazoea, wagonjwa walikuwa ndani ya ratiba ya kugeuzwa kwa asilimia 54 tu ya muda. Wauguzi wenye mafunzo, wanaolipwa mshahara na kupokezana zamu, walikuwa wakichelewa karibu nusu ya muda! Hata walipokumbushwa na kompyuta walifika asilimia 67. Kwa hiyo mama mwenzangu unayejiona mzembe, tua mzigo huo. Binadamu husahau. Asiyesahau ni saa, na ndiyo maana tunaihitaji.

MASHINE INAYOJIFUNZA

Barua inataja pia mashine yenye akili. Nayo ipo, na maana yake ni hii. Wataalamu huipa kompyuta majalada ya maelfu ya wagonjwa: umri, uzito, kama mtu anaweza kusogea, kama ngozi yake hulowana, vipimo vya damu, na mwishowe kama alipata kidonda au hakupata. Kompyuta hulinganisha na kulinganisha, mpaka inatambua ni mambo gani yakikutana huleta kidonda. Baada ya hapo, akija mgonjwa mpya, hukadiria hatari yake. Ndiyo maana inasemwa kwamba mashine imejifunza. Kuna hata shuka na magodoro yenye vihisi vingi vidogo, ambayo huonyesha kwa rangi mahali mwili unapobana zaidi.

Kabla ya kompyuta, wauguzi walikuwa na kipimo cha karatasi. Kilitungwa Marekani na wauguzi wawili, Barbara Braden na Nancy Bergstrom, na kikachapishwa mwaka 1987. Kina maswali sita: mgonjwa anahisi maumivu? Ngozi yake hulowana mara ngapi? Anatoka kitandani? Anaweza kujigeuza? Anakula vya kutosha? Anaburutika au kuteleza kitandani? Alama zikiwa chache, hatari ni kubwa. Maswali hayo sita kila mama anaweza kuyauliza kwake leo bila umeme wala mtandao.

Mashine nayo ina udhaifu wake. Inajua kile tu ilichofundishwa. Vitabu vingi vilifundisha kwamba dalili ya kwanza ni ngozi kuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na kwa hiyo dalili za mapema hupitwa. Mashine ikifundishwa kwa majalada ambamo dalili hizo zilipitwa, nayo itazipita. Tena kengele zikilia mno, watu huzizoea wakaacha kuinuka, kama tunavyoacha kusikia honi za malori hapa mpakani.

Sasa dada yangu wa Mpemba, mfumo huo ni wa wodi yenye kompyuta, wauguzi wa zamu na mafundi wake. Kihisi kimoja kikiletwa peke yake ndani ya mfuko ni sawa na rimoti bila televisheni. Na saa za mkononi zinazohesabu hatua, ambazo huenda ndizo atakazokuletea yule kijana, si kifaa hicho. Shamba la kahawa litamlisha mwanao miaka mingi. Liache lilipo.

TUNALOWEZA KUIGA

Kifaa kile hufanya mambo matatu: hukumbuka, huhesabu muda, na humwita mtu. Hayo matatu yanawezekana nyumbani.

Kwanza, saa. Weka kengele kwenye simu kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Hili si jambo jipya. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianza kuwatibu askari waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati huo wagonjwa wa namna hiyo walihesabiwa kuwa ni watu wa kufa tu, wakiuawa na vidonda na maambukizi ya mkojo. Daktari huyo aliagiza wageuzwe kila saa 2, mchana na usiku, na yeye mwenyewe akasimamia. Watu wakaanza kuishi, wakafanya kazi, wakacheza michezo. Hapakuwa na kompyuta. Palikuwa na saa ya ukutani na mikono.

Pili, daftari. Piga mistari minne: saa, upande, aliyegeuza, na hali ya ngozi. Kila anayegeuza aandike, hata kama ni mtoto wa darasa la sita. Daftari letu la kwanza lilituonyesha katika wiki moja tu kwamba mchana tulikuwa wazuri na usiku palikuwa patupu. Tena daftari humlinda mama. Ndugu akija na maneno, humjibu kwa machozi, unamfungulia ukurasa.

Tatu, watu. Hapa ndipo penye uzito. Hakuna mwanamke mmoja anayeweza kuamka kila saa 2 kwa miezi mingi akabaki mzima. Kaeni kikao cha familia na mgawane saa. Kwetu, mwanangu wa kidato cha pili alichukua saa 4 usiku kabla ya kulala. Mimi nilichukua saa 6 na saa 8. Mume wangu akiwa nyumbani alichukua saa 8 na saa 10, na aligundua kwamba mikono yake ya kushika usukani inamwinua mama kuliko yangu. Wifi yangu alikuja kila Ijumaa hadi Jumapili. Kumwuguza mzazi si kazi ya mkwe peke yake. Waambieni waume zenu hivyo kwa upole, lakini waambieni.

Huenda mtauliza, je, ni lazima saa 2 kwa kila mtu? Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo kutoka nyumba 9 za kutunzia wazee huko Marekani. Wakazi 992 walilazwa kwenye magodoro mazito ya sponji, wakavaa vihisi, wakageuzwa kila baada ya saa 2, 3 au 4 kwa wiki 4. Hakuna aliyepata kidonda kipya. Kwa hiyo godoro zuri linaweza kuipa familia usingizi kidogo. Lakini wale hawakuwa na vidonda walipoanza, na ngozi zao ziliangaliwa. Mwenye alama tayari, au anayelala kwenye godoro lililochakaa, abaki kwenye saa 2. Kurefusha muda kufanywe kwa ushauri wa mwuguzi.

Kulipima godoro ni rahisi. Mgonjwa akiwa amelala, pitisha kiganja chini ya godoro, usawa wa kifandugu chake. Ukiusikia uzito wa mfupa umekaa juu ya mkono wako, godoro hilo limekufa, maana mgonjwa analala juu ya chaga. Kama kuna fedha ya kutumia, itumie hapo: godoro la sponji nzito na mito minne.

NAMNA YA KUMGEUZA

Usimlaze ubavu kabisa juu ya mfupa wa nyonga. Mwinamishe kidogo tu, mto ukiwa nyuma ya mgongo, hata uzito ukae kwenye nyama ya tako moja. Weka mto kati ya magoti. Weka mwingine chini ya ndama za miguu ili visigino vining'inie hewani bila kugusa godoro.

Msimburute. Tandika kanga au shuka imara chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, watu wawili washike pembe, mmwinue na kumsogeza kwa pamoja. Kichwa cha kitanda kisiinuliwe sana muda mrefu, kwa sababu mgonjwa huteleza na ngozi hujivuta. Wakati wa kula, mgonjwa wa kiharusi akalishwe vizuri asipaliwe, na akae hivyo kama nusu saa. Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu ajiinue au ainamishwe kila baada ya dakika 15 hadi 30, maana matako huumia kitini kama kitandani.

Kila asubuhi na jioni angalieni ngozi mahali pote nilipotaja. Msitafute wekundu. Tafuteni rangi iliyo tofauti na ngozi ya jirani, iwe nyeusi zaidi, zambarau au yenye kung'aa. Kisha tumieni mgongo wa mkono: pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au pamelegea kama tunda lililopondeka? Mgonjwa anayehisi anasema panauma au panawasha? Yoyote kati ya hayo ni kengele. Mwondoe upande huo kabisa, asiulalie tena mpaka parudi kama palivyokuwa.

Akijisaidia, asafishwe mara moja kwa maji na sabuni isiyo kali, akaushwe kwa kugusagusa bila kusugua, kisha apakwe mafuta ya mgando. Kama mmetandika nailoni, tandikeni kitambaa cha pamba juu yake. Na alishwe: maharage, dagaa, mayai, karanga, maziwa, matunda na maji ya kutosha. Ngozi hujengwa kwa chakula.

MAMBO YA KUACHA

Acheni kumwekea kata. Wengi wetu husokota kanga kama ile ya kubebea ndoo kichwani, tukaiweka chini ya kifandugu au kisigino tukidhani tunamsaidia. Kata hubana pande zote na kuzuia damu isifike katikati. Mipira ya duara ina ubaya uleule. Acheni pia kusugua kwa nguvu pale palipobadilika rangi, kwa kuwa mnaiponda nyama ambayo tayari imeumia. Acheni spiriti, hukausha ngozi ikapasuka.

Kidonda kikitokea, msimwagie unga wa vidonge vilivyofunguliwa, majivu, wala dawa ya mtu asiyejulikana. Osheni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, funikeni kwa kitambaa safi, nendeni kituo cha afya. Harakisheni zaidi mkiona nyama nyeusi, usaha, harufu, shimo lenye kina, homa, au mgonjwa akichanganyikiwa. Maambukizi ya kidonda yakiingia kwenye damu huua. Kituo kikishindwa kitawapa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe au Mbeya. Msione haya kwamba mtalaumiwa. Kidonda kilichofichwa kwa aibu ndicho kinachoua.

Kidonda cha mama mkwe wangu kilichukua miezi mitano kufunga. Mwuguzi mstaafu alikuja kukisafisha, nasi tukalinda saa. Mama aliishi miaka miwili zaidi, akatuelekeza kwa mkono mmoja namna ya kupika mboga, akamwona mjukuu. Alipofariki kwa kiharusi cha pili, mimi na wifi yangu tulikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Tulimgeuza kama tulivyozoea, yeye ameshika bega, mimi nyonga. Mgongo wake ulikuwa mzima. Wifi aliupitisha mkono pale palipokuwa na kidonda, kwenye kovu, kisha akanishika mkono wangu. Hakusema neno, na mimi sikuhitaji neno.

Basi mama yetu wa Mpemba, na wengine wote mlio na mgonjwa ndani, jioni ya leo kabla ya kulala chukueni daftari na simu. Andikeni saa, na mbele ya kila saa andikeni jina la mtu. Mkifika saa 8 usiku mkakuta hapana jina, itisheni kikao.

Mungu awape nguvu na usingizi, hata kama ni wa vipande. Tuonane mwezi ujao, inshallah na ile mada ya chakula cha watoto.